Ndege Nne Hadi Vorkuta

Kutoka Naryan-Mar hadi Vorkuta, bata bukini huchukua siku moja. Huondoka asubuhi kwenye vinamasi vya mto Pechora, hukata tundra, na kabla ya giza wanakuwa wameshatua na kuanza kugombana. Binadamu hana njia hiyo. Barabara hakuna. Reli haifiki. Mtu mmoja aliwahi kujaribu kwa pikipiki ya theluji, akarudi na vidole vinane, na hapendi kuulizwa habari hizo. Kwa hiyo anayetaka kwenda Vorkuta, au mji mwingine wowote mdogo wa kaskazini, hufika uwanja wa ndege, hupanga foleni kwenye dirisha namba mbili, huinama, na kumwambia Agnia Yegorovna Vokueva anakotaka kwenda.

Kuinama kulikuwa lazima, kwa sababu tundu la kioo lilikuwa chini na sauti ya Agnia ilikuwa ndogo. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na sita, mfupi, mpana, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alikuwa amekaa dirisha hilo miaka thelathini na mmoja. Katika miaka hiyo yeye mwenyewe alikuwa amepanda ndege mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa kwenda kung'oa jino.

Mji mzima ulimjua kwa njia mbaya za safari alizokuwa akiwatafutia wateja. Mteja alipotaja mji, kompyuta ilitoa jibu lake: ndege mbili, saa tano. Agnia aliusoma mpango huo kwa adabu mpaka mwisho, kisha akavuta droo, akatoa daftari lenye jalada la kijivu, akafunua kurasa.

"Ndege nne," alisema. "Siku mbili na nusu. Usiku wa kwanza utalala Moscow."

"Agnia Yegorovna, mimi naenda hapo tu. Nikipanda juu ya paa la nyumba yangu naweza kupaona."

"Basi panda juu ya paa. Lakini kama unataka kufika, ni ndege nne."

Watu walilalamika, wakalipa, wakasafiri. Aliwahi kuwapeleka mume na mke kwenye arusi ya mtoto wao huko Salekhard kwa kuwapitisha Moscow na Tyumen, mwendo ambao ungetosha kumfikisha mtu nchi nyingine. Mke hakumsalimia Agnia mwezi mzima kabla ya safari. Waliporudi alimletea picha. Katika picha walikuwepo wao wawili, bibi arusi na bwana arusi. Wajomba waliopita njia fupi hawakuwemo. Arusi hiyo waliisikiliza kwa simu, kwenye hosteli ya mji wa mafuta, katikati ya safari, ukungu umeziba dirisha.

Siri yake haikuwa siri. Ndege kubwa hutua kwa vyombo vya kuongozea, hata rubani asipoona chini. Ndege ndogo hutua kwa macho ya rubani. Ukungu wa mtoni unapotanda, na kuanzia Septemba unatanda unavyotaka, rubani wa ndege ndogo hukaa chini anakunywa chai. Njia fupi zote za kaskazini ni za ndege ndogo. Njia ndefu, zile za kuzunguka Arkhangelsk na Moscow kama mtu anayemkwepa jirani anayemdai chumvi, ni za ndege kubwa. Agnia hakuuza saa. Aliuza kufika. Na kwenye kila njia aliacha siku moja ya akiba, bila kumwambia mteja, kwa sababu mteja akijua kuna siku ya akiba huitumia kununua viatu.

Kulikuwa pia na vyeti. Wafanyakazi wa kaskazini hulipiwa nauli ya likizo, lakini sheria inasema ni kwa njia fupi kuliko zote. Basi Agnia aliandika: *Inathibitishwa kwamba njia fupi kuliko zote kutoka Naryan-Mar hadi mji wa Pechora inapitia Moscow.* Akapiga muhuri. Siku moja mhasibu wa kiwanda cha samaki alikuja na ramani na rula, akaipima njia hiyo mbele yake, kisha akasubiri maelezo.

"Hiyo rula ina viti vingapi?" aliuliza Agnia.

Mhasibu alikikubali cheti.

Lakini hakuna aliyejua kwa nini daftari lile lilianzishwa. Hata Rimma wa dirisha namba moja, aliyejua mpaka saizi ya soksi za kila rubani, hakujua.

Lilianza miaka tisa nyuma, mwezi wa Novemba, mama yake Agnia alipofariki. Ilikuwa Jumanne. Mazishi yalipangwa Alhamisi, siku ya tatu, kama ilivyo desturi. Dada yake mkubwa, Taisya, alikuwa Vorkuta, akifanya kazi ya kugawa taa za wachimbaji kwenye mgodi wa makaa. Alipiga simu analia. Agnia alikuwa na njia mbili mbele yake. Ya kwanza ilikuwa kupitia Syktyvkar, Moscow na Arkhangelsk, ndege nne, kufika Alhamisi asubuhi. Ya pili ilikuwa kupitia mji wa mafuta kwa ndege ndogo, kufika Jumatano mchana. Taisya alikuwa na goti bovu. Agnia alimwona akilini anachechemea kwenye ngazi za viwanja vinne, akamhurumia. Akamkatia ile fupi. Hakumtajia kabisa ile nyingine. Akawaambia watu wote nyumbani, "Taisya anafika Jumatano."

Jumatano ukungu ulishuka. Taisya alikaa mji wa mafuta siku tatu.

Alhamisi asubuhi ndege kubwa kutoka Arkhangelsk ilipita katikati ya ukungu uleule, ikatua. Agnia alikuwa amesimama nyuma ya kioo cha ukumbi, amevaa nguo nyeusi. Aliwahesabu walioshuka. Walikuwa arobaini na wanane. Wachimba kaburi walikuwa wamewasha moto juu ya ardhi iliyoganda tangu juzi yake ili iyeyuke, na ardhi ikishafunguliwa namna hiyo haisubiri mtu. Saa chache tu inaganda tena. Saa tisa walimzika mama yao.

Taisya alifika Jumamosi. Alisimama kaburini, kisha akasema, "Wewe ndiye uliyenikatia tiketi." Alikula, akalala, Jumatatu akaondoka.

Tangu siku hiyo Agnia hakumwambia mtu yeyote saa ya kufika kwa msafiri kabla msafiri hajakanyaga chini. Na siku hiyohiyo ya Jumatatu alinunua daftari, akaandika kwenye ukurasa wa kwanza: *Vorkuta. Ndege nne.*

Miaka tisa dada hao waliongea kwa simu siku za kuzaliwa na siku ya Pasaka. Waliongea hali ya hewa. Mwisho wa maongezi mmoja wao alisema, "Ningekuja, lakini njia ni mbaya," na mwingine alijibu, "Mbaya sana." Ilikuwa kweli. Kwenye miji ambako njia ni mbaya kweli, watu wanaweza kukaa miaka mingi bila kusameheana na hakuna anayegundua.

Kisha, mwezi wa Septemba, ilianzishwa ndege ya moja kwa moja. Viti kumi na viwili, kila Alhamisi, Naryan-Mar hadi Vorkuta, saa moja na dakika arobaini. Mkubwa mmoja alikata utepe. Bendi ilipiga. Agnia aliitazama ndege hiyo kutoka dirishani kwake kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja bila taarifa na sanduku kubwa.

Simu ya Taisya iliingia jioni hiyohiyo, Agnia akiwa bado dirishani.

"Nimesikia redioni," alisema Taisya. "Saa moja na dakika arobaini. Sasa utasema nini?"

"Nitasema hongera."

"Ya nini?"

"Unatimiza sitini."

"Natimiza Jumamosi ijayo. Saa nane mchana, kwenye kantini ya mgodini. Watakuja watu arobaini na watano. Nimekuwekea kiti karibu na changu." Agnia alimsikia akivuta pumzi. "Sikiliza, Agnia. Kiti hicho kikibaki kitupu nitakiondoa. Na sitakiweka tena. Mimi nimechoka kusema njia ni mbaya."

"Nimesikia, dada."

"Unakuja na ya Alhamisi?"

"Nitaona."

"Utaona," alisema Taisya, akakata simu.

Asubuhi yake Rimma aliegemea ukuta uliotenganisha madirisha yao, mkononi ana kipande cha keki. Alikuwa ameshasikia yote. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba.

"Shoga, nini cha kufikiria? Kata ya Alhamisi. Nenda, kula, cheza, rudi."

"Ina viti kumi na viwili."

"Na wewe unahitaji kimoja. Haya, kimoja na nusu."

"Rubani anatua kwa macho."

"Mwache atue kwa macho, atue kwa pua! Dada yako anatimiza sitini!"

Walimwita Prokopy Laptander, mtu wa hali ya hewa, aliyekuwa na chumba chake juu ya ngazi na aliyekulia kwenye mahema ya wafugaji wa kulungu wa kaskazini. Prokopy alisoma karatasi zake, kisha akaenda dirishani akatazama mto, ambao aliuamini zaidi ya karatasi.

"Alhamisi ni kweupe," alisema. "Naweka rehani sharubu zangu."

"Huna sharubu, Prokopy," alisema Agnia.

"Basi ujue nina uhakika kiasi gani."

Agnia alimshukuru. Akarudi kwenye kiti chake, akafungua daftari ukurasa wa kwanza, akaanza kukata tiketi moja baada ya nyingine, kuanzia Jumanne: Naryan-Mar hadi Arkhangelsk. Arkhangelsk hadi Moscow. Moscow hadi Syktyvkar, kutoka uwanja mwingine upande wa pili wa jiji. Syktyvkar hadi Vorkuta, Ijumaa. Rimma alizisoma juu ya bega lake.

"Mama wee. Hii ni adhabu. Umemkosea nani?"

Agnia alipiga muhuri.

"Alhamisi ile ndege ndogo itakupita juu ya kichwa umelala kwenye benchi, Syktyvkar. Na mtu akiniuliza, mimi sikujui."

Huko kwetu mtu mwenye tiketi ni mali ya umma. Posta huchukua wiki tatu, kwa hiyo mzigo hutumwa kwa mkono: unakwenda uwanja wa ndege, unatafuta uso wenye huruma, unauliza, "Una nafasi?" Kule aendako, mtu wako anasubiri mlangoni na jina la msafiri kwenye karatasi. Msafiri wa kawaida anakwenda mji mmoja, anapewa mizigo miwili mitatu. Agnia alikuwa anapita miji minne. Habari hiyo ilienea kabla ya chakula cha mchana.

Jumanne asubuhi alikuta foleni mbele ya dirisha lake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza yeye akiwa upande wa nje. Alipewa samaki wa chumvi waliozungushiwa shuka, wa kumpelekea mpwa wa Rimma, aliyekuwa chuo cha mabaharia Arkhangelsk. Alipewa buti za manyoya ya kulungu za mwanafunzi wa Moscow, ambaye mama yake hakuamini kwamba Moscow kuna viatu. Alipewa mtungi wa matunda ya kinamasi. Mwisho alikuja bwana mmoja, akatazama huku na huku, akamkabidhi kijiboksi kilichofungwa kwa plasta.

"Ni meno ya mama yangu," alisema. "Alikuja kututembelea Julai, akayasahau kwenye glasi. Yuko Syktyvkar. Tangu hapo anakula uji."

"Tangu Julai?"

"Hakuna aliyekuwa anapita Syktyvkar, Agnia Yegorovna. Ni wewe tu."

Mzigo wake mwenyewe ulikuwa pai ya samaki mweupe aliyoioka Jumatatu, kwa namna ya mama yao, samaki mzima ndani ya unga pamoja na mifupa yake. Aliifunga kwa taulo mbili.

Kabla ya kuondoka, Rimma na Prokopy walikaa naye juu ya mizigo dakika moja bila kusema neno, kama inavyopasa mtu anapofunga safari. Rimma aliharibu mwishoni.

"Mpigie dada yako, mwambie unakuja."

"Nikifika atajua."

"Mkaidi wewe. Nenda. Nenda, kabla sijalia nikaharibu wanja."

Ndege ya kwanza iliruka kwa wakati. Agnia alikaa ameshika pai magotini, macho ameyafumba, na hakuona chochote cha angani. Arkhangelsk yule mpwa alipokea samaki, akawanusa, akamwamkia kwa heshima kubwa. Kwenye kaunta, binti wa kukagua tiketi aliipitia safari yake yote kwenye kompyuta, akainua kichwa.

"Mama, tiketi hizi alikukatia nani?"

"Kwa nini?"

"Kuna mtu amekuonea. Kuna ndege ya moja kwa moja Alhamisi."

"Nilizikata mwenyewe."

"Wewe mwenyewe?"

"Nina uzoefu," alisema Agnia.

Moscow alivuka jiji zima na mizigo yake, treni mbili na basi moja. Huko ndiko alipoelewa jambo ambalo daftari halikuwa limemwambia: ngazi. Kwenye daftari kubadilisha uwanja ilikuwa mstari mmoja. Kwa miguu ilikuwa ngazi mia moja na themanini na sita. Alizihesabu, kwa sababu ndiyo kazi pekee aliyokuwa nayo. Alipofika katikati ya ngazi za mwisho aliweka mizigo chini akasimama. Alikuwa anafikiria goti la Taisya. Angezipanda, aliwaza. Angezilaani moja moja, lakini angezipanda. Mimi ndiye niliyeamua kwamba hawezi.

Mwanafunzi alipokea buti zake kwenye mlango wa uwanja, akatazama pembeni kama kuna anayemwona, akazitia ndani ya mfuko upesi. Kisha akasema rafiki yake ana kifurushi cha kwenda Syktyvkar, je, una nafasi? Agnia alikuwa na nafasi. Mizigo haikupungua, ilibadilika tu.

Alhamisi mchana alikuwa Syktyvkar. Bibi mwenye meno alikuwa anamsubiri mlangoni, amejifunika mtandio hadi puani. Alifungua kijiboksi palepale, akageukia ukutani, akarudi, akasema, "Mwanangu, Mungu akupe maisha marefu," akamnunulia Agnia kipande kikubwa cha nyama ya kukaanga, akanunua na chake, akakila chote akiwa amesimama.

Simu ililia. Alikuwa Rimma.

"Kweupe," alisema Rimma. "Peupeee. Ile ndege imeondoka kwa wakati. Imetua Vorkuta kwa wakati. Prokopy anakusalimu, anasema sharubu zake hazijambo."

"Vizuri."

"Vizuri? Hilo tu?"

"Mwambie hongera."

Baada ya simu hiyo Agnia alikaa kwenye benchi. Hakuwa amefikiria kwamba Taisya angeweza kwenda uwanja wa ndege siku hiyo. Sasa alifikiria. Alitoa simu, akatafuta jina la dada yake, akalitazama mpaka kioo kikazima. Kusema "nafika Ijumaa" kulikuwa ni kusema saa ya kufika. Alikuwa amewahi kuisema mara moja. Akairudisha simu mfukoni.

Ijumaa Vorkuta ilipata dhoruba ya theluji, ya kwanza mwaka huo. Ubao ukaandika kwamba ndege imeahirishwa, ikaahirishwa tena, na jioni ukaandika kesho. Abiria walipiga kelele. Bwana mmoja aliyevaa suti alimfokea binti wa kaunta kwamba ana mkutano. Agnia alifungua taulo, akaikagua pai, akaifunga. Ndiyo kazi ya siku ya akiba. Lakini sasa ilikuwa imetumika yote, na hakukuwa na nyingine, na yeye, tofauti na wateja wake, alijua.

Jumamosi saa tano na nusu ndege iliruka. Saa saba kasoro ilikuwa juu ya Vorkuta, na nje ya dirisha hakukuwa na Vorkuta. Kulikuwa na weupe tu. Rubani alishuka, akashuka, kisha injini zikanguruma na ndege ikanyanyuka tena. Mwanamke wa kiti cha pembeni alianza kusali.

"Anatua kwa vyombo," Agnia alimwambia.

"Wewe unajuaje?"

"Nimeuza tiketi zake miaka thelathini na mmoja."

"Umewahi kuipanda?"

"Hapana," alisema Agnia, naye akaanza kusali.

Mara ya pili magurudumu yaligusa.

Teksi ilikwenda mwendo wa kobe nyuma ya katapila la theluji, na Agnia hakumwambia dereva aharakishe, kwa sababu katapila halikuwa na nia hiyo. Saa tisa kasorobo alisukuma mlango wa kantini ya mgodini. Joto, muziki wa kodiani, watu wamekaa kwenye meza ndefu, sahani zimeshaguswa. Kwenye kichwa cha meza alikuwa Taisya, amevaa gauni la bluu, nywele zimetengenezwa, amekuwa mdogo wa umbo kuliko Agnia alivyomkumbuka. Upande wake wa kuume palikuwa na pengo. Kiti kilikuwa ukutani, kimewekewa makoti ya watu.

Mpiga kodiani aliacha. Agnia alitembea mpaka mbele, theluji ikimdondoka mabegani, taulo mkononi.

"Heri ya kuzaliwa, dada."

Taisya alimtazama kutoka juu hadi chini. "Nilikwenda uwanjani Alhamisi," alisema. "Na maua. Nikawahesabu walioshuka. Kumi na wawili."

"Najua walikuwa wangapi."

"Hujui lolote. Hujui mtu anavyosimama pale akihesabu."

"Najua," alisema Agnia. Sauti yake ilikuwa ndogo, na watu wa meza ya kwanza waliinama ili wasikie. "Mimi niliwahesabu arobaini na wanane."

Taisya hakuelewa. Agnia aliweka pai mezani, akaingiza mkono kwenye koti, akatoa vipande vinne vya tiketi, akavipanga mbele ya dada yake kimoja baada ya kingine, kama anavyompangia mteja.

"Arkhangelsk. Moscow. Syktyvkar. Hapa. Njia hii ilikuwepo na wakati ule, Taisya. Alhamisi ya mazishi ndege kubwa ilitua kwenye ukungu. Ungekuwa ndani yake. Nilikuwa nayo mkononi ulipopiga simu, na sikukwambia. Niliona ni ya taabu mno kwako. Nikakupa ile nzuri."

Mzee mmoja mwishoni, ambaye hakusikia vizuri, aliuliza kama ni wakati wa kunyanyua glasi, akaambiwa anyamaze.

Taisya alikichukua kipande cha kwanza akakisoma. Akasoma cha pili. Alisoma vyote vinne, pamoja na saa na namba za viti.

"Moscow umebadilisha uwanja?"

"Ndiyo."

"Ngazi ngapi?"

"Mia moja themanini na sita."

"Kwa goti langu," alisema Taisya.

"Kwa goti lako."

"Ningezipanda. Ungenipa nafasi tu, mjinga wewe. Ningezipanda kwa makalio."

"Najua. Sasa najua."

Taisya aliinuka. Alichechemea mpaka ukutani, akayatupa makoti ya watu sakafuni, koti la meneja wa mgodi likiwemo, akakiburuta kile kiti mpaka mezani huku miguu ya kiti ikipiga kelele juu ya saruji. Mtu mmoja alitaka kumsaidia. Alimtazama, mtu akakaa. Alipomaliza alifungua taulo la kwanza, kisha la pili, akanusa.

"Hii pai ina siku ngapi?"

"Tano."

"Imetembea kuliko mimi." Alikata kipande, akatafuna taratibu, akatoa mfupa. "Chumvi umezidisha. Mama hakuwa anazidisha. Kaa."

Agnia alikaa. Kodiani ikaanza tena. Mzee wa mwisho alinyanyua glasi yake bila kumuuliza mtu. Dada wawili walikula, na vipande vinne vya tiketi vilibaki kati ya sahani zao, kimoja kimeingia mafuta.

"Utarudi na ile ndogo ya Alhamisi?" Taisya aliuliza baadaye.

"Prokopy anasema kutakuwa na ukungu."

"Prokopy ni nani?"

"Mtu asiye na sharubu."

Taisya alikubali jibu hilo kama lilivyo. Alipangusa vidole, akavuta vile vipande vya tiketi, akavirundika pamoja.

"Novemba nataka kwenda kwa mama," alisema. "Siku yake. Nataka nifike siku yenyewe, si keshokutwa yake."

"Kuna ile ya moja kwa moja."

"Agnia," alisema Taisya, "nitafutie njia mbaya."

Agnia alivaa miwani. Daftari lilikuwa kwenye begi, chini ya kifurushi ambacho mtu wa Syktyvkar alikuwa amemkabidhi kwa ajili ya mtu wa Vorkuta, na ambacho hakuna aliyekuwa bado amekuja kukichukua.